Waziri hapati miguu baridi: namna ya kutafsiri nahau za Kiingereza za viungo vya mwili

"Waziri alipata miguu baridi dakika za mwisho." Msomaji wa Kiswahili akikutana na sentensi hii atadhani waziri alisahau soksi. Aliyeiandika alikuwa na "cold feet" mbele yake, akabeba miguu, akabeba baridi, akaacha maana njiani.

Wanaoanza kutafsiri huuliza mambo yaleyale kila mara: nahau hii kwa Kiswahili ni ipi? Nikitafsiri neno kwa neno si wataelewa tu? Mbona "shoulder to shoulder" tunasema bega kwa bega na hakuna anayecheka? Mwongozo huu ni wa mwandishi anayepokea habari za nje kwa Kiingereza, anayeweka manukuu kwenye filamu, mwanafunzi wa tafsiri, na yeyote aliyepewa tangazo la Kiingereza akaambiwa liwe Kiswahili kesho asubuhi.

Andaa haya kwanza

- Kamusi ya Kiingereza kwa Kiingereza iliyotungwa kwa ajili ya wanaojifunza lugha. Maana zake ni nyepesi na kila nahau ina sentensi ya mfano. Kamusi ya Kiingereza kwa Kiswahili iweke pembeni kwa sasa.
- Kamusi ya Kiswahili kwa Kiswahili, ya TATAKI (taasisi ya Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam) au ya BAKITA (Baraza la Kiswahili la Taifa, Tanzania). Nahau itafute kwanza chini ya nomino, kisha chini ya kitenzi. Usipoikuta kwenye "moyo", jaribu "piga" au "vunja".
- Biblia ya Kiingereza na ya Kiswahili, hata kama wewe si Mkristo. Sababu utaiona hatua ya nne.
- Daftari lenye safu nne: nahau, maana yake, Kiswahili chake, na sentensi ulikoikuta. Safu ya nne ndiyo watu huiruka, na ndiyo itakayokuokoa.
- Mtu mmoja anayekijua Kiswahili barabara na asiyejali Kiingereza. Huyu ni mizani yako.

Hatua ya 1: Hakikisha ni nahau kweli

Kiingereza hutofautisha nahau na maneno ya kawaida kwa vitu vidogo sana, hasa umoja na wingi, au neno dogo lililo mbele ya kiungo. "Give me a hand" ni nisaidie. "Give me your hand" ni nipe mkono wako. "Give her a big hand" ni mpigieni makofi. Kiungo ni kilekile na kitenzi kilekile, lakini kazi ni tatu.

"You're pulling my leg" ni unanitania. Miguu ikiwa miwili, "pulling my legs", basi kuna mtu anavutwa kweli. "Break a leg" ni heri anayotakiwa msanii kabla ya kupanda jukwaani, ila "he broke his leg" kwenye ripoti ya mpira ni majeruhi wa kweli na anahitaji plasta. Na ukikuta "Charles I lost his head in 1649", usiandike kwamba mfalme alichanganyikiwa. Alikatwa kichwa.

Kwa hiyo soma sentensi moja kabla na moja baada. Maana ya wazi ikikaa vizuri, pengine hakuna nahau hapo.

Hatua ya 2: Andika maana kwa Kiswahili cha kawaida, bila kiungo chochote

Hapa ndipo kazi inaposhinda au kushindwa. Fungua kamusi ya Kiingereza, soma maana na mfano, funga kamusi, kisha andika kwenye daftari maana hiyo kwa maneno ya kila siku. Kiungo cha mwili kisionekane. "Cold feet": kuogopa kufanya jambo ulilokwisha kubali, muda wake unapokaribia. "Wet behind the ears": asiye na uzoefu. "Play it by ear": kwenda bila mpango, kuamua kadiri mambo yanavyojitokeza.

Ukijaribu kuruka kutoka Kiingereza moja kwa moja hadi nahau ya Kiswahili, kiungo kitakung'ang'ania. Utaona "ear" na akili itakuletea sikio, hata pale ambapo Kiswahili hakina haja nalo.

Hatua ya 3: Pima uzito wake

Jiulize mambo mawili tu: nahau hii inasifu au inaponda? Na inaweza kusemwa mbele ya wakwe? "Pain in the neck" ni lalamiko jepesi, hivyo kero au msumbufu inatosha. Kuna ndugu yake anayetaja sehemu ya chini zaidi ya mgongo, na huyo ni mkali, hafai taarifa ya saa mbili usiku. "Thick-skinned" mara nyingi ni sifa ya mtu asiyetikiswa na maneno. Ukiandika "sugu" bila kuangalia sentensi, unaweza kuigeuza kuwa tusi.

Hatua ya 4: Tafuta Kiswahili chake kwa mpangilio huu

Kuna visanduku vinne. Anza na cha kwanza, usiruke.

*Kisanduku cha kwanza: kiungo kilekile, picha ileile.* Vipo vingi kuliko watu wanavyodhani. "Turn a blind eye" ni kufumbia macho. Waingereza hupenda kuihusisha na Nelson, kamanda wao wa jeshi la majini, katika vita vya Copenhagen mwaka 1801, anayesimuliwa kuwa aliweka darubini kwenye jicho lake bovu ili asione ishara ya kurudi nyuma. "In the blink of an eye" ni kufumba na kufumbua. "Shoulder to shoulder" ni bega kwa bega. "Point a finger" ni kunyooshea kidole. "Set foot" ni kutia mguu: hajawahi kutia mguu Mombasa. "On the tip of my tongue" ni neno liko kwenye ncha ya ulimi. "In one ear and out the other" ni linaingia sikio hili linatokea lile.

Hapa ndipo Biblia inapofanya kazi. Nahau kadhaa za Kiingereza zilitoka humo, na Kiswahili kilizipokea kupitia mlango huohuo. "An eye for an eye" ni jicho kwa jicho, Kutoka 21:24. "Wash one's hands of" ni kunawa mikono, kama Pilato katika Mathayo 27:24. "The apple of my eye" wengi wameiharibu kwa kuandika tufaha la jicho langu. Katika Kiingereza cha zamani "apple" ya jicho ilikuwa mboni, na Zaburi 17:8 ya Kiswahili inasema wazi: mboni ya jicho. Tunda halihusiki. Lakini si kila kilichomo kwenye Biblia kimekaa midomoni mwa watu: "by the skin of my teeth" imetoka Ayubu 19:20, ila anayeongea Kiswahili huponea chupuchupu au huponea kwenye tundu la sindano. Hakuna anayeponea ngozi ya meno.

*Kisanduku cha pili: mwili upo, kiungo ni kingine au picha ni nyingine.* Hiki ndicho kitamu zaidi, na ndicho kinachomtofautisha mtafsiri na programu ya kompyuta. Mwingereza asiyeweza kutunza siri ana mdomo mkubwa, "big mouth". Mswahili wa namna hiyo hana kifua. Mwingereza anayefanya jambo bila ari analifanya kwa nusu ya moyo, "half-hearted". Sisi tunalifanya shingo upande. Dharau ya Kiingereza iko puani, "turn up one's nose". Ya kwetu iko midomoni, mtu anabetua midomo. Mwingereza mwenye wasiwasi ana vipepeo tumboni, Mswahili ana tumbo joto. Na pale moyo wa Mwingereza unapopanda hadi mdomoni kwa hofu, "heart in my mouth", kwetu ni roho juu, au roho mkononi.

"Give someone the cold shoulder" ni kumpa mtu kisogo: bega limekwenda nyuma ya kichwa. "Behind his back", ikiwa ni kusengenya, nayo huishia hukohuko, maana tunamramba mtu kisogo. "Cut to the quick" ni kukatwa maini. "Tight-fisted" ni mkono wa birika, na ukiutazama mpini wa birika, ulivyojikunja kurudi kwenye birika lenyewe, hutahitaji maelezo.

*Kisanduku cha tatu: nahau ipo, ila haina kiungo cha mwili.* "Cold feet" iko hapa: kuingia ubaridi, au kunywea. Baridi imebaki, miguu imetoka. "Shoot oneself in the foot" ni kujipalia makaa. "The upper hand" ni kushika mpini. "Knee-jerk reaction" ni kukurupuka. "Drag one's feet" ni kusuasua. "Two-faced" ni ndumilakuwili. "Gut feeling" ni machale: machale yalimcheza akashuka kwenye basi. "Brainwash" ni kutia kasumba. "Bite the hand that feeds you" ina methali nzima inayoisubiri, shukrani ya punda ni mateke. "Hand to mouth", kazi ya kupata cha kula leo tu, ni kijungu jiko.

*Kisanduku cha nne: sema maana yenyewe.* Si aibu. "Sweet tooth" ni anapenda vitu vitamu. "Cost an arm and a leg" ni bei haishikiki. "Green fingers", ambayo Wamarekani huiita "green thumb", ni kila anachopanda kinastawi. Nahau ya kulazimisha ni mbaya kuliko sentensi safi isiyo na nahau.

Hatua ya 5: Pitia mitego kabla hujaridhika

Mtego ni pale Kiswahili kinapokuwa na maneno yaleyale kwa maana nyingine. Sentensi itapita, hakuna atakayecheka, na msomaji ataelewa kitu ambacho hakikusemwa. Hii ni hatari kuliko miguu baridi.

- "Break someone's heart" ni kumuumiza mtu, aghalabu kwa mapenzi. Kumvunja mtu moyo ni kumkatisha tamaa. Binti aliyeachwa na mchumba ameumizwa. Aliyevunjwa moyo ni mchezaji aliyezomewa.
- "Heartless" ni katili. Hana moyo, kwa Kiswahili, ni mtu asiye na ari au asiyependa kujitolea. Katili ana roho mbaya. Kwa jumla "heart" ya Kiingereza inagawanyika huku katika moyo, roho na hata maini, kwa hiyo kila unapoikuta simama kidogo.
- "The long arm of the law" ni sifa ya dola. Serikali ina mkono mrefu ni msemo unaoeleweka, sawa. Lakini ukisema ofisa fulani ana mkono mrefu umemwita mwizi, na wakili wake atakupigia simu.
- "See eye to eye" ni kukubaliana. Macho kwa macho ni kuonana ana kwa ana, na watu wanaweza kuonana macho kwa macho wakatukanana.
- "Bad blood" ni uhasama. Damu mbaya itampeleka msomaji maabara.
- Kufumbia macho na kufumba macho si kitu kimoja. Kiambishi kile kidogo ndicho nahau. Mzee aliyefumba macho huenda amefariki, na familia yake haitapenda kosa lako.
- "Backbone" ni uti wa mgongo unapozungumzia kilimo na uchumi, hilo kila mwanafunzi wa Tanzania amelisikia. Ila mtu "spineless" usiseme hana uti wa mgongo, hana msimamo.

Hatua ya 6: Rekebisha sarufi

Hata nahau sahihi huharibika hapa. Kiingereza humilikisha kiungo: mguu wake, moyo wangu, mikono yao. Kiswahili humtaja mtu kwenye kitenzi na kukiacha kiungo peke yake mwishoni. "He broke his arm" ni amevunjika mkono. Ukiandika amevunja mkono wake inasikika kama aliupiga nyundo mwenyewe. Nahau hufuata mkondo huohuo:

- Andika kocha aliwavunja moyo wachezaji. Usiandike alivunja mioyo ya wachezaji.
- Andika maneno yale yalinikata maini. Usiandike yalikata maini yangu.
- Andika nimekufa moyo. Usiandike moyo wangu umekufa, labda uwe unatunga shairi.

Angalia pia kitenzi. Mikono hunawiwa. Vyombo ndivyo vinavyooshwa, nguo zinafuliwa. "Kuosha mikono yake na suala hilo" ni Kiingereza kilichovaa kanzu.

Tuchukue sentensi moja tuipitishe hatua zote: "The board turned a blind eye for years, then the chairman got cold feet and tried to wash his hands of the whole affair."

Rasimu ya anayeanza huwa hivi: "Bodi iligeuza jicho pofu kwa miaka, halafu mwenyekiti akapata miguu baridi na akajaribu kuosha mikono yake na suala lote."

Ikishapita kwenye hatua: "Kwa miaka mingi bodi ililifumbia macho suala hilo. Mambo yalipoiva mwenyekiti akanywea, akataka kunawa mikono."

Nahau ya kwanza imetoka kisanduku cha kwanza, ya pili cha tatu, ya tatu cha kwanza tena. "Yake" imeondoka, kitenzi cha mikono kimerekebishwa, na sentensi moja imekuwa mbili kwa sababu Kiswahili hakikuhitaji kuburuza yote kwa pumzi moja. Hadhira yako ikiwa haina Pilato kichwani, badili kunawa mikono kuwa kujitoa lawamani.

Hatua ya 7: Mpe mizani wako

Msomee sentensi ya Kiswahili tu, usimwonyeshe Kiingereza. Usimuulize "imekaa vizuri?" kwa kuwa atajibu ndiyo kwa adabu. Muulize "hapa kimetokea nini?" Akieleza ulichoandika hatua ya pili, umemaliza. Akinyamaza kidogo halafu akabuni, rudi hatua ya nne, kisanduku kinachofuata.

Ukikwama

*Nahau haimo kwenye kamusi yoyote.* Mara nyingi ni nahau ya zamani iliyopinduliwa kwa utani. Tafuta kitenzi au kiungo kimojawapo upate mama yake, kisha rudi kwenye sentensi uone kilichobadilishwa. Bila kumjua mama, utani hauonekani.

*Kichwa cha habari kinacheza na nahau*, mathalani habari ya kiwanda cha viatu yenye "cold feet". Mchezo wa maneno hauvuki mpaka. Usiulazimishe. Andika kichwa kipya kutokana na habari yenyewe, na ukipata mchezo wa Kiswahili kwa viatu vilevile, tia. Usipopata, kichwa cha wazi hakijamuua mtu.

*Nahau imo ndani ya nukuu ya kiongozi.* Hapa chagua nahau yenye uzito uleule au chini yake, kamwe isiwe juu. Akisema mwenzake ana "big head", majivuno inatosha. Amevimba kichwa ni kali kidogo, na itanukuliwa kama maneno yake mwenyewe. Ukiwa na shaka, ondoa alama za kunukuu uripoti maana.

*Manukuu ya filamu hayana nafasi.* Mstari mmoja huruhusu herufi 42 hivi, na mara nyingi ni mistari miwili tu. Nahau ndefu itakula muda wa kusoma. "You're breathing down my neck" inaweza kuwa Unanikaba! tu, na muigizaji atamalizia kwa uso wake.

*Wasomaji wa Nairobi na wa Dar es Salaam hawaelewi sawa.* Kubetua midomo na mkono wa birika zinafahamika pande zote. Machale ni ya Tanzania Bara zaidi. Chapisho likienda kote, nahau ya upande mmoja izungushie sentensi inayojieleza, au shuka kisanduku cha nne.

*Mhariri anataka tafsiri ya neno kwa neno kwa sababu "siku hizi watu wanasema".* Huenda ni kweli, maana lugha hukopa. Damu mpya kwenye timu imeshakubalika. Mpime kwa jambo moja: tafuta maneno hayo yakitumiwa na mtu ambaye hakuwa anatafsiri, kwenye mazungumzo sokoni, kijiweni, kwenye mahubiri au khutuba. Ukiyakuta huko, yaache yapite. Ukiyakuta kwenye habari zilizotafsiriwa tu, yakate.